Hodi Kumi, Mgeni Mmoja

Mazungumzo ya redioni. Masomo: 2 Samweli 24:1-10, Luka 15:3-7.

  Wewe uliye jikoni unawasha moto, wewe unayejiandaa kwenda shambani, na wewe mgonjwa uliyelala na redio karibu na mto, karibuni tuzungumze kwa dakika chache.

Nataka tuzungumze juu ya hesabu. Sisemi hesabu ya shuleni, ya kujumlisha na kutoa, ingawa hiyo nayo itakuja baadaye. Nasema hesabu ya watu. Na nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana nimeona kwamba mhubiri akianza na makosa ya jirani watu husinzia, lakini akianza na yake wote huamka.

Mimi naishi Khayega, kwenye barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Kisumu, pale inapochepuka njia ya Shinyalu. Wengi wanaijua Khayega kwa soko lake, na kwa mafahali wanaopiganishwa asubuhi na mapema huku ngoma za isukuti zikilia. Nafundisha Neno la Mungu katika kanisa letu, na watu wa hapo huniita Mwalimu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2008, kijana mmoja wa kanisa letu aliyekuwa amesomea kompyuta alinijia akasema, "Mwalimu, mafundisho yako yanaishia kwenye kuta hizi. Mbona tusiyaweke katika intaneti, dunia nzima ikayasoma?" Neno hilo, dunia nzima, lilishuka moyoni mwangu kama asali.

Basi akanitengenezea tovuti yangu. Ilikuwa na kurasa sita, picha ya kanisa, na picha yangu nimevaa koti. Chini ya ukurasa wa kwanza akaweka kijisanduku cheusi chenye tarakimu nyeupe. Akaniambia, "Hiki ni kihesabio cha wageni. Kila ukurasa huu ukifunguliwa, namba inapanda." Kisha akaniuliza, "Mwalimu, tuanzie ngapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba mwenye tovuti anaweza kukiambia kihesabio kianzie namba yoyote aipendayo. Ndugu zangu, hapo ndipo nyoka alipoingia bustanini. Nikafikiri kidogo, nikasema, "Anzia mia tano, tusije tukaonekana wachanga." Kijana akacheka, akaandika 500. Kwa hiyo mgeni wa kwanza kabisa aliyekuja kwangu alikuta ameandikwa kuwa wa 501.

Wakati ule simu yangu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Ili nione tovuti yangu ilinibidi nipande matatu mpaka Kakamega mjini, niingie saiba, nilipe shilingi moja kwa kila dakika. Na dakika zilikuwa nyingi, maana nyaya kubwa za baharini zilikuwa bado hazijafika Mombasa. Zilifika mwaka wa 2009. Tulitegemea setilaiti, na ukurasa mmoja ulifunguka polepole kama mlango wenye kutu. Lakini mimi nilisubiri. Ukurasa ukifunguka, sikusoma hata neno moja la mafundisho yangu. Niliteremka moja kwa moja mpaka chini, kwenye kile kijisanduku cheusi. Je, imepanda? Ikiwa imepanda nilirudi Khayega nikiimba. Ikiwa haijapanda nilirudi kimya, na mama watoto alijua mapema kwamba chakula cha jioni hiyo hakitakuwa na maongezi.

Baadaye kijana wangu akaongeza ramani ndogo ya dunia. Kila mahali mgeni alipotoka, ramani iliweka nukta nyekundu. Kulikuwa na nukta moja Uingereza, mbili Marekani, na juu ya Nairobi nukta kubwa iliyozidi kunenepa kila wiki. Nikawatangazia waumini, "Ndugu, Nairobi wanatusoma sana!" Na Jumapili moja nikatangaza kwamba tumepita wageni elfu mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilivipokea vigelegele vile vyote, pamoja na vya wale mia tano ambao hawakuzaliwa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2009, jirani yangu mmoja, mzee wa watu, alikosana na mwanawe mkubwa. Ugomvi ulikuwa juu ya mpaka wa shamba, hatua chache tu za ardhi. Yule kijana alikuwa na kazi Eldoret, naye alikuwa amekuja nyumbani kwa siku tatu. Mzee alitaka mtu wa kuketi kati yao kabla mwanawe hajaondoka. Akaja kwangu jioni ya kwanza, hakunikuta. Akaja jioni ya pili, hakunikuta. Mama watoto akamwambia kweli kama ilivyokuwa: "Mwalimu amekwenda Kakamega kuangalia wageni wake."

Mzee akasimama pale langoni na fimbo yake, akauliza, "Kwani mimi si mgeni?" Kisha akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya tatu yule kijana alipanda gari kurudi Eldoret bila kuagana na baba yake. Mama watoto aliponisimulia, chakula kilinishinda. Nilikuwa na wageni elfu mbili kwenye kioo, na mgeni mmoja mwenye miguu amegeuka langoni pangu mara mbili.

Wiki ile nilimwita kijana wangu wa kompyuta. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe hawa watu ni nani hasa." Akaniangalia kwa huruma, maana nadhani alikuwa akilingoja swali hilo. Akafungua orodha ndefu niliyokuwa sijawahi kuiona, akanifundisha nami nikawa mwanafunzi.

Alisema hivi. Mahali tovuti inapohifadhiwa, pana kompyuta iitwayo seva, na seva ina daftari, kama askari wa lango katika shule kubwa. Kila kitu kinachoombwa langoni, askari huandika: saa, anwani ya kompyuta iliyoomba, na kilichoombwa. Lakini askari huyu hahesabu watu. Yeye huhesabu hodi. Mtu mmoja akifungua ukurasa wenye picha tisa, kompyuta yake hupiga hodi kumi: moja kwa ajili ya maandishi, na tisa kwa ajili ya picha. Siku za mwanzo za intaneti wenye tovuti wengi walijisifia hodi hizo, wakisema wametembelewa mara milioni, na kumbe wengine walikuwa wamejaza tu picha nyingi.

Kihesabio chetu kilikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu kilihesabu ufunguzi wa ukurasa, si kila picha. Lakini nacho hakikujua nani ni nani. Mtu akiufungua ukurasa, akaufunga, akaufungua tena, kwacho walikuwa watu wawili.

Tena kuna roboti. Msidhani ni watu wa chuma wanaotembea. Hizi ni programu zinazozunguka usiku na mchana kusoma kurasa za dunia nzima, kama zile za Google zinazotengeneza orodha ya kutafutia habari. Nyingine ni za wezi, zinajaribu kila kitasa. Hata katika miaka hii ya karibuni, kampuni za usalama wa kompyuta zimekadiria kwamba karibu nusu ya mwendo wote wa intaneti ni wa programu za namna hiyo, si wa wanadamu.

Basi tukaketi kupiga hesabu ile ya shuleni niliyowaahidi. Kihesabio kilisoma 2,140. Tukaondoa 500 za uongo wangu, zikabaki 1,640. Tukaondoa roboti, nazo zilikuwa 900, zikabaki 740. Kisha kijana akanyamaza. Nikamwuliza, "Mbona umenyamaza?" Akasema, "Mwalimu, hizi 430 zinazofuata zinatoka saiba moja ya Kakamega, kila siku jioni."

Ndugu zangu, alikuwa mimi. Zilikuwa jioni zangu zote, kila nilipobonyeza ukurasa ujifungue upya nione kama namba imepanda. Imepanda, ndiyo. Niliipandisha kwa kidole changu mwenyewe.

Nikauliza, "Na ile nukta kubwa ya Nairobi?" Akasema, "Ni ninyi tena, Mwalimu. Mashine haijui mtu alipoketi. Inajua tu anwani ya kampuni iliyoleta mtandao, na kampuni hiyo imejiandikisha Nairobi. Ukifungua ukiwa Kakamega unaandikwa Nairobi." Kumbe ule umati wa Nairobi niliowatangazia waumini ulikuwa mtu mmoja wa Khayega, aliyepanda matatu kwenda kujitembelea.

Zilibaki 310. Nazo zilikuwa za watu yapata arobaini waliorudi mara kadhaa, na wengi wao walikaa muda mfupi sana wakaenda zao.

Sasa tuifungue Biblia. Katika 2 Samweli sura ya 24 twasoma habari ya mfalme Daudi alipotaka watu wahesabiwe toka Dani mpaka Beer-sheba. Yoabu, mkuu wa jeshi, alikuwa mtu mgumu wa vita, lakini hata yeye alishtuka akamwuliza mfalme kwa nini analitaka jambo hili. Mfalme hakusikia. Wakaenda, wakazunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, wakarudi na hesabu: wanaume wa vita 800,000 katika Israeli na 500,000 katika Yuda. Namba ilipokwisha kuwekwa mbele yake, moyo wa Daudi ukamchoma. Hakuna nabii aliyekuwa amemkemea bado. Mwenyewe alijua.

Tena tazameni jambo hili. Habari hiyo hiyo imeandikwa pia katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 21, na huko hesabu ni 1,100,000 na 470,000, na tunaambiwa kwamba Yoabu hakuwahesabu Walawi wala Wabenyamini, kwa sababu amri ile ilimchukiza. Kwa hiyo hata hesabu ya mfalme yategemea nani alihesabu, na nani aliachwa nje.

Je, kuhesabu watu ni dhambi? Hapana. Biblia ina kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na humo Mungu mwenyewe anamwagiza Musa awahesabu watu. Serikali yetu nayo huhesabu. Usiku wa tarehe 24 Agosti mwaka wa 2019, nchi nzima ya Kenya ilianza kuhesabiwa, kila mtu mahali alipolala, na sisi wa kaunti ya Kakamega tukaonekana 1,867,579. Hiyo ni kazi njema. Serikali isipojua watoto ni wangapi, itajuaje madarasa yajengwe mangapi?

Lakini wazee wetu hawakupenda mtu asimame uani na kuhesabu watoto wa mwenzake kwa kidole. Zamani nilidhani ni ushirikina tu. Sasa naona kwamba walikuwa wakiuliza swali la maana: huyu anahesabu ili iweje?

Hilo ndilo swali lenyewe. Daudi alihesabu ili ajue yeye ni mkubwa kiasi gani. Na katika Injili ya Luka sura ya 15 tunamwona mwingine anayehesabu, yule mchungaji mwenye kondoo mia. Anahesabu, anapata 99. Kama angekuwa na moyo wangu wa saiba, angesema, "Tisini na tisa! Nani hapa kijijini ana tisini na tisa?" Yeye hakusema hivyo. Hesabu yake ilimwambia jambo moja tu, kwamba mmoja hayupo. Akatoka kumtafuta.

Wapenzi wasikilizaji, hizo ndizo hesabu mbili za dunia hii. Kuna hesabu ya kujisifu, na kuna hesabu ya kutafuta. Namba yaweza kuwa ile ile. Tofauti ni lile mtu anakwenda kulifanya baada ya kuiona.

Niwape mfano wa hapa kwetu. Mnakumbuka machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wakati ule mama mmoja Mkenya, mwanasheria Ory Okolloh, alikuwa na ukurasa wake binafsi katika intaneti, na watu walimwandikia habari za mambo waliyoyaona, mengi kuliko awezavyo mtu mmoja kuyashughulikia. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika akiomba wajuzi wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani ya mahali watu walipoumizwa. Wenzake, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, wakaungana naye, na katika siku chache ramani ikawa tayari. Waliiita Ushahidi.

Ramani ile nayo ilikuwa na nukta kama yangu. Lakini nukta yangu ilisema, "Hapa yupo anayenisoma mimi." Nukta yao ilisema, "Hapa yupo mtu aliyeumia." Naona haya kila nikizilinganisha ramani hizo mbili, maana zilikuwa za nchi moja.

Turudi kwenye daftari la askari wa lango. Mwisho wa orodha, kijana wangu alinionyesha kitu ambacho sikujua kwamba kipo. Siku hizo, mtu akitafuta jambo kwenye Google akafika kwako, maneno aliyoyaandika yalikuja naye, ukaweza kuyasoma. Siku hizi hayaji namna hiyo. Google walianza kuyaficha mwaka wa 2011 ili kulinda siri za watu. Lakini mwaka ule wa 2009 yalikuwa wazi. Mengi yalikuwa maneno ya kawaida, ya nyimbo na ya sherehe. Katikati yake mtu mmoja alikuwa ameandika: baba hasemi nami nifanyeje.

Huyo hakuwa roboti. Roboti haina baba. Alikuwa mtu, mahali fulani, labda usiku, ameuliza mashine swali ambalo hakuweza kumwuliza mwanadamu. Mashine ikamleta kwangu, kwa kuwa neno baba lilikuwamo katika fundisho langu moja. Nalo lilikuwa fundisho la nini? Lilikuwa la jinsi ya kupanga viti siku ya wageni wa heshima, na baba askofu aketi wapi. Daftari lilionyesha kwamba alifungua ukurasa mmoja tu, hakwenda mwingine. Alibisha hodi kwa baba aliyemnyamazia, akafunguliwa na habari za viti.

Mgeni huyo katika kihesabio changu alikuwa namba moja tu, sawasawa na roboti, sawasawa na kidole changu. Nami jioni ile bila shaka nilifurahi kwamba namba imepanda.

Tena kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa kutia moyo. Kihesabio kinaongeza wasiokuwako, lakini pia kinawapoteza waliopo. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake aliniambia baadaye kwamba binti yake alichapisha fundisho langu moja kwenye karatasi huko mjini, akamletea, nao wakalisoma katika kikundi, wanawake wapatao ishirini, kisha karatasi ikaenda kwa mgonjwa. Kwa kihesabio, hao wote walikuwa mmoja. Karatasi ikipita mkono kwa mkono, hakuna mashine inayobofya.

Hata mimi ninapozungumza nanyi sasa, redio hii haina kihesabio. Siwezi kuona kama nyumbani kwako mnasikiliza watu sita, au kama redio inazungumza na kuku. Zamani hilo lingenisumbua. Siku hizi nalihesabu kuwa zawadi. Linanifanya nimseme mtu mmoja, si umati.

Huenda wewe unasema, "Mwalimu, mimi sina tovuti." Kweli, vile visanduku vyeusi vimekwisha kuwa vya kale. Lakini kihesabio hakikufa. Kimehama, kikaingia mfukoni mwako. Unaweka picha kwenye simu, kisha unarudi kila baada ya dakika tano kuona wangapi wameitazama, na nani ameitazama asiseme neno. Kanisa linarusha ibada kwenye YouTube, na mzee wa kanisa badala ya kuinamisha kichwa wakati wa sala anachungulia waliotazama wamefika wangapi. Kijana anafuta maneno yake mema kwa sababu yamependwa na watu watatu tu. Nauliza, watatu ni kidogo? Wangekuja watatu nyumbani kwako leo jioni, ungeazima viti kwa jirani.

Basi yatupasa kufanya nini? Nataja mambo matatu, nanyi mtaongeza yenu.

La kwanza, tuseme kweli juu ya hesabu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini nikawaambia habari ya zile 500, na ya zile 430, na ya nukta ya Nairobi. Wengine walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini magoti yalitetemeka. Hesabu ya uongo ni uongo, iwe ya wageni wa tovuti, iwe ya waliohudhuria semina, iwe ya vikombe vya chai vilivyoandikwa kwenye stakabadhi ya kanisa. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini huwezi kulipikia watoto uji wa uvumi.

La pili, tulinde siri za wageni. Daftari la askari wa lango linajua mengi: saa uliyokuja, kifaa ulichotumia, ukurasa uliotoka. Tovuti nyingi pia huacha katika kompyuta yako alama ndogo iitwayo kidakuzi, ili ukirudi wakutambue. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data, na habari zinazoweza kumtambulisha mtu haziruhusiwi kuchezewa hovyo. Lakini hata bila sheria, mkaribishaji mwema hasimulii sokoni nani alikuja kwake usiku akilia. Ndiyo maana sitamtafuta yule aliyeuliza juu ya baba yake. Nilichofanya ni kuandika fundisho jipya, la watoto na wazazi wasiosemezana, nikaliweka pale ambapo akirudi atalikuta.

La tatu, ukiisha kuona namba, uliza nani hayupo. Mwalimu wa shule, ukihesabu darasa ukapata arobaini, yule wa arobaini na moja yuko wapi? Mama mwenyekiti wa kikundi, nani hajaonekana tangu mwezi uliopita, na je, ameshindwa mchango akaona haya? Mzazi, unajua wangapi wamekutazama kwenye simu leo. Unajua ni nani mezani hakusema neno?

Mtauliza yule mzee jirani yangu aliishia wapi. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, lakini aliniambia, "Mwalimu, ulichelewa siku moja tu." Ile siku moja ilizaa miezi minane. Baba na mwana hawakusemezana mpaka Desemba, watu walipokuja nyumbani kwa Krismasi. Safari hiyo nilikuwa nyumbani. Tuliketi watatu chini ya mti tangu saa tisa mpaka giza likaingia, na mpaka wa shamba ukapimwa kwa hatua za miguu, na baba akamwita mwanawe kwa jina lake. Sikuziandika popote dakika zile, na hakuna kidude kilichopanda kwa moja.

Tovuti yangu ipo mpaka leo. Nilimwomba kijana akiondoe kile kijisanduku cheusi. Aliniuliza, "Mwalimu, tuweke nini mahali pake?" Tukaandika maneno machache tu: njia ya kutupata, na kwamba anayetaka kuzungumza nasi atakuta mtu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mgeni mmoja tu atosha kumponya mwenyeji, kama mwenyeji yupo nyumbani.

Tuombe. Ee Baba uliye mbinguni, wewe wazijua nywele za vichwa vyetu, wala huhitaji mashine kutuhesabu. Utusamehe pale tulipohesabu watu ili tujione wakubwa. Utufundishe kuhesabu kama mchungaji yule. Leo jioni, atakayebisha hodi kwetu atukute. Na yule anayeuliza usiku bila kujibiwa, umpelekee mtu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.